Maswali ya Wasomaji: Damu ya chaza inashikana kabla nifike kwa maikroskopu, nifanyeje?

Toleo lililopita niliandika kidogo tu kuhusu vile chaza, kaa na wenzao wa baharini wanapigana na magonjwa bila antibodi (protini za kinga zinazoshika vijidudu) hata moja, na sikutarajia watu wa huku ziwani, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, wangeniletea maswali mengi hivi. Nimefurahi sana. Nimechagua matano, na yale yanayofanana nimeyajibu pamoja. Kwa wale wanaanza nasi leo, seli tunazoongea ni zile zinazoelea kwa damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo zikifanya kazi ya askari. Kwa chaza, kome, kaa na kamba zinaitwa hemositi. Kwa kiti cha pweza, jongoo bahari na yule wa mviringo mwenye miiba mirefu anayedunga watu miguu huko Pwani zinaitwa selomositi, kwa sababu zinakaa kwenye maji yaliyojaa ndani ya mwili wake.

SWALI: Habari Madam. Niko mwaka wa pili wa mastaz hapa Kisumu. Naletewa chaza kutoka Pwani kwa basi la usiku, wanafika wakiwa hai. Nikitoa damu naiweka kwa zile chupa za hospitali za kifuniko cha zambarau zenye EDTA, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini ndani ya dakika mbili tatu seli zimeshikana kama uji wenye madonge. Nikizungusha kwa sentrifyuji napata kidonge kigumu hakitawanyiki, na nikipaka trypan blue, rangi inayoonyesha seli zilizokufa, karibu zote zimekufa. Nimerudia mara sita. Supavaiza ameanza kuniambia nibadilishe topiki. Nisaidie.

JIBU: Usibadilishe topiki mdogo wangu, uko karibu kuliko unavyofikiri, hayo ni makosa matatu tofauti yamekuja siku moja na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni hiyo chupa ya zambarau. Ilitengenezwa kwa damu ya binadamu, na binadamu ana kalsiamu ya kama milimola 2.5 tu kwa lita ya plazma, kwa hivyo ile EDTA iliyopakwa ndani, ambayo ukijaza damu inakuwa kama milimola 4 au 5, inatosha kuikamata yote na kubaki. Chaza naye damu yake kichumvi ni bahari tupu: kalsiamu karibu milimola 10, na magnesi juu ya 50. EDTA yako inaisha na kalsiamu bado iko. Na kalsiamu ndiyo seli zinatumia kushikana, maana chaza hana zile nyuzi za kugandisha damu kama zetu, akiumia anaziba kidonda kwa seli zenyewe, zinakimbiliana zinajipanga kama watu wameshikana mikono mlangoni. Kwa hivyo hayo madonge unayoona si uchafu wala bahati mbaya, ni seli nzima zenye afya zinafanya kazi yake zikidhani chaza amekatwa, na ukweli ni kwamba amekatwa.

Achana na chupa hizo, tengeneza mwenyewe Alsever ya baharini, maji ya kuzuia seli zisishikane. Kwa lita moja weka glukosi gramu 20.8, sodiamu sitreti gramu 8, chumvi safi ya maabara gramu 22.3 na EDTA gramu 3.36, halafu rekebisha pH ifike 7.4 au 7.5. Hiyo gramu 3.36 ni ya EDTA yenyewe ya asidi, kama dukani umepata ile ya disodiamu yenye maji ndani yake pima 4.28. Na usishtuke ikikataa kuyeyuka, itakaa chini kama unga wa muhogo mpaka uongeze NaOH kidogo kidogo na pH ipande karibu na 8, hapo ndio inayeyuka ghafla na maji yanakuwa safi, kisha ndio unarudisha pH chini. Wengi hukoroga saa nzima wakifikiri wameuziwa dawa mbovu.

Sasa ile siri ambayo haiandikwagi vizuri kwa protokoli: dawa iingie kwa sirinji KABLA ya damu. Vuta mililita moja ya Alsever baridi, sirinji na sindano zote zikiwa zimelala kwa barafu, halafu ndio uingie kwa chaza uvute mililita moja ya damu juu yake, polepole, sindano ya geji 21 au 23, usivute kwa nguvu maana povu na msuguano unazipasua. Kwa chaza unakwangua au unakata kipande kidogo cha gamba upande wa ule msuli unaofunga gamba, unaingiza sindano kwenye nafasi ya damu iliyo ndani ya huo msuli. Damu yake haina rangi, ni kama maji yenye ukungu kidogo tu, kwa hivyo kama umevuta kitu cheupe kama maziwa umechoma mayai au mbegu za kiume, tupa, chukua chaza mwingine. Na wakishuka kwa basi usiwatoe damu siku hiyohiyo, waweke kwa maji ya bahari yenye hewa siku moja au mbili wapumzike, safari inabadilisha idadi ya seli na utakuwa unapima uchovu wa basi.

La pili, sentrifyuji. Hukuniambia umezungusha kwa kasi gani na nina hakika uliangalia ile namba ya mizunguko kwa dakika. Protokoli ikisema 400 g inataka nguvu (mara 400 ya uvutano wa dunia, sio gramu), na nguvu inategemea urefu wa mkono wa mashine yako. Kama kutoka katikati mpaka kwenye chupa ni sentimita 10, hiyo 400 g ni kama mizunguko 1,900. Ukiweka 3,000 umepita 1,000 g, na kama mkono ni wa sentimita 15 umefika 1,500 g, hapo umezikanyaga. Weka 300 mpaka 400 g, digrii 4, dakika 5 mpaka 10, na breki ya mashine izime.

La tatu ndilo linaniumiza roho kwa sababu lilinipata mimi. Trypan blue ya maabara nyingi imeyeyushwa kwa salaini ya binadamu. Seli ya chaza imezoea maji yenye msongo (wingi wa chumvi na vitu vilivyoyeyuka) wa kama miliosmoli 1,000, salaini ya binadamu ni kama 300, ukiitupa humo maji yanaingia ndani kwa nguvu, inavimba inapasuka, halafu rangi inaingia na wewe unaandika kwa daftari "imekufa". Ulikuwa unaiua ukiipima. Mimi niliandika asilimia za vifo kwa wiki mbili nzima kwa maabara moja nikiwa bado kijana, na hakuna aliyeniuliza rangi yangu iko ndani ya maji gani. Yeyusha rangi kwa maji ya bahari yaliyochujwa, na usioshe kamwe kwa PBS ya kawaida, maji ya chumvi ya kiwango cha binadamu. Kila tone linaloigusa hiyo seli liwe na chumvi ya kwao.

Ukishafika hapo, mwaga Alsever, weka seli kwa midia (maji ya kukuzia seli) yenye kalsiamu, ziache zitulie kwa chupa bapa nusu saa mpaka saa moja bila kutikisa. Zenye uhai zitashika chini zenyewe. Angalia kwa maikroskopu kutoka dakika ya kumi hivi: kwanza ni mipira midogo inang'aa, kisha unaona mmoja anatoa kidole chembamba, anapapasa, anatoa kingine, halafu mwili unalala chini kama tone la mafuta kwa sahani. Ukiona hivyo piga magoti yote umshukuru Mungu, halafu mwonyeshe supavaiza.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha baiolojia sekondari hapa Kakamega. Darasani tunasema kinga ni antibodi na limfositi. Wanafunzi waliposoma makala yako wakaniuliza, kama chaza hana hivyo vyote mbona hajafa? Nikakosa jibu la kuwatosheleza.

JIBU: Mwalimu, waambie hiyo kinga ya chaza ndiyo iligunduliwa kwanza kuonekana ikifanya kazi, hata kabla ya watu kuelewa antibodi.

Mwaka 1882 Mrusi mmoja, Ilya Mechnikov, alikuwa anakaa Messina, kule Sicily Italia. Siku hiyo familia ilienda sarakasi kuona nyani wanaocheza, yeye akabaki peke yake na maikroskopu anaangalia watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao wanapitisha mwanga kama kioo, unaona kila kitu ndani. Akaona seli zinatembea. Akawaza, hizi kama ni za ulinzi basi nikimchoma na mwiba zitakimbilia mwiba. Akatoka bustanini akachuma miiba ya waridi, akawachoma wale wadogo, usiku hakulala. Asubuhi akakuta seli zimeuzunguka mwiba pande zote. Kutoka hapo ndio tukapata habari ya seli zinazomeza vijidudu, na mwaka 1908 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich ambaye yeye alikuwa wa upande wa antibodi.

Kwa hivyo chaza hana antibodi lakini ana askari wanaomeza, na adui akiwa mkubwa wa kutomezeka wanamzunguka tabaka juu ya tabaka mpaka anakosa hewa. Kaa na kamba wanaongeza jambo lingine, wanamwagia adui kemikali zinazogeuka kuwa rangi nyeusi ngumu, ndio maana kamba aliyeumia anakuwa na doa jeusi kwa ganda. Na usidhani ni kinga ya kubahatisha. Jenomu ya yule wa miiba wa zambarau wa Pasifiki ilipotoka mwaka 2006 wakahesabu jeni 222 za vile vipokezi vinavyoitwa Toll, vya kutambua vijidudu. Sisi binadamu tuko na 10.

Mfano mwingine utakaowashika ni kaa wa kwato (horseshoe crab) wa pwani ya mashariki ya Marekani, damu yake ni ya bluu kwa sababu inabeba hewa kwa shaba. Mwaka 1956 mtafiti Frederick Bang alieleza vile bakteria wanaigandisha damu hiyo ndani ya mnyama, baadaye akiwa na Jack Levin wakaonyesha siri iko ndani ya hizo seli za damu na kinachoziamsha ni sumu ya ganda la bakteria. Leo dawa nyingi za sindano na dripu zinapimwa kwa maji ya seli hizo kabla hazijatoka kiwandani. Kama kuna mwanafunzi wako amewahi kuwekewa dripu, kuna uwezekano mzuri seli ya mnyama asiye na antibodi ilimtangulia kumlinda.

SWALI: Salamu kutoka Nakuru. Sisi tuko na maabara ndogo ya chuo, hatuna inkubeta ya CO2 na bahari ni mbali. Tuna swali mbili. Je, maji ya Ziwa Nakuru yanaweza kutumika badala ya maji ya bahari kwa sababu pia yana chumvi? Na bila CO2 tunaweza kuanza kweli ama tungoje pesa?

JIBU: Ziwa Nakuru hapana, hapana kabisa. Ile ni soda, sio chumvi ya bahari. pH yake iko karibu 10 na imejaa kaboneti ya sodiamu, na kwa maji ya namna hiyo kalsiamu na magnesi hazikai, zinageuka chokaa zinazama. Seli ya bahari inataka pH ya kama 7.5 mpaka 8 na hizo kalsiamu na magnesi kwa wingi. Utaziua mara mbili.

Maji ya bahari mnaweza kujitengenezea hapo hapo kwa maji yaliyochemshwa kwa mvuke na kupozwa, yaani distili. Lita moja: NaCl gramu 23.9, magnesi kloraidi ile yenye maji sita gramu 10.8, sodiamu salfeti gramu 4, kalsiamu kloraidi yenye maji mawili gramu 1.5, potasiamu kloraidi gramu 0.68 na sodiamu baikaboneti gramu 0.2. Kalsiamu iwe ya mwisho na iyeyushwe pembeni kwanza, ukizimwaga zote pamoja zikiwa nzito utaona wingu jeupe na hilo wingu ndilo kalsiamu yako imeondoka. Chuja kwa filta ya maikroni 0.22.

Kuhusu CO2 msingoje mtu. Hiyo hewa ni ya midia za baikaboneti kama DMEM na RPMI. Kuna midia inaitwa L-15 ya Leibovitz, yenyewe inashikilia pH kwa fosfeti na asidi amino na ndani yake kuna galaktosi badala ya glukosi, inakaa vizuri kwa hewa ya kawaida chupa ikiwa imefungwa. Ila ilitengenezwa na msongo wa mnyama wa damu moto, kwa hivyo kwa seli za chaza ongeza kama gramu 20 za NaCl kwa lita, na magnesi, kalsiamu na potasiamu kidogo, mpaka ifike karibu 1,000. Kama hamna osmomita, mashine ya kupima huo msongo, tafuteni ya hospitali au ya chuo jirani mpime mara moja tu, mwandike, mrudie mapishi yaleyale.

Joto nalo, usiweke 37. Hizi sio seli za mtu. Mnyama wa Pwani yetu anaishi maji ya 25 mpaka 29, kwa hivyo 25 inatosha, na kwa vile Nakuru usiku kunapoa sana sanduku lenye balbu na themomita litafanya kazi kuliko meza wazi. Niliwahi kukuta trei nzima ya mwenzangu imepelekwa kwa inkubeta ya 37 na mtu aliyetaka kusaidia. Asubuhi zilikuwa zimeinuka zote, zinaelea.

Na sasa jambo ambalo nataka mlisikie vizuri watu wa Nakuru: mna hazina Naivasha. Wale kamba wekundu wa maji baridi, kreyfishi, waliletwa ziwani mwaka 1970, asili yao ni kusini mwa Marekani. Damu yao ni nyingi, mnapata bila kumuua mnyama, unachoma ngozi laini ile ya pale mguu unaungana na mwili. Na dawa yake ya kuzuia kuganda ni ileile inayotumika kwa kaa wa bahari, glukosi gramu 18, trisodiamu sitreti 8.8, asidi sitriki 5, EDTA ya disodiamu 3.7, pH 4.6, kwa lita. Kinachobadilika ni chumvi tu: kaa wa bahari anataka NaCl gramu 26.3, kreyfishi gramu 8.2. Ukifanya hizo mbili kando kwa kando umeelewa kazi yote, mikono ifundishwe na mnyama wa sokoni Naivasha, halafu siku mkipata nauli ya Kilifi hamtaharibu chaza wa watu.

SWALI: Madam, mimi ni teknolojia wa maabara upande wa Bondo. Nina habari njema na naomba unisaidie kuiandika. Hemositi zangu za kome zilikuwa zinapungua pungua, lakini wiki ya tatu zimeanza kugawanyika! Sasa ni wiki ya tano, nimezihamisha chupa mara mbili na zinajaa kila siku nne. Ni za mviringo, zinang'aa, na zimetoa nyuzi nyembamba kama wavu. Nimesoma kwamba hakuna aliyefaulu kuzifanya zigawanyike hivi. Je, nimefaulu?

JIBU: Ndugu yangu, nimesoma barua yako mara tatu kabla ya kujibu na nitakujibu kama ningetaka mtu anijibu mimi. Sidhani hizo ni seli za kome.

Hemositi ya kome ikishatoka kwa mnyama ni seli iliyokomaa. Inaishi siku kadhaa, ukiitunza vizuri wiki kadhaa, inatembea, inameza, inashika chini, lakini kugawanyika ni nadra mno. Kinachotokea wiki ya tatu, wakati seli za kweli zimepungua na chakula kimebaki, ni mgeni aliyeingia na damu kuamka. Na mgeni mwenyewe kwa bahari ana jina, thraustokitridi, ni vijidudu vya seli moja vinavyokaa kila mahali baharini, kwa majani yaliyooza, kwa gamba, hata ndani ya wanyama. Ni mviringo, vinang'aa, vinagawanyika haraka, na vinatoa nyuzi nyembamba kama wavu. Umevieleza vizuri kabisa bila kujua. Penisilini na streptomaisini haviviui kwa sababu sio bakteria. Watafiti wakubwa wa nchi zenye kila kifaa wamewahi kukaa na chupa hizo miezi wakifikiri wamepata laini ya seli, yaani seli zinazojizidisha kwa chupa bila kikomo, kwa hivyo hujafanya kosa la mtu asiyejua kazi.

Usitupe chupa. Toa DNA kutoka kwa chupa, na kando yake toa DNA ya kipande cha msuli wa kome yuleyule au wa kundi lake, pima jeni ya 18S na ile ya COI, zile za kutambua aina ya kiumbe, ulinganishe. Kama si kome utajua ndani ya wiki moja. Kama ni kome, niite nitakuja Bondo mwenyewe siku hiyohiyo. Lakini usiandike popote neno laini kabla ya hayo majibu, na mkubwa wako akikusukuma utoe habari kwanza mwambie hapana.

Nikueleze hali ilivyo ili uone umesimama wapi. Kwa konokono na jamaa zake wote wa gamba, laini ya seli inayotegemewa ni moja, inaitwa Bge, ilitengenezwa na mtafiti Hansen mwaka 1976, na haikutoka kwa damu, ilitoka kwa viinitete vya konokono wa maji baridi, Biomphalaria glabrata. Kamba wa kufugwa wanauawa na virusi vya madoa meupe na mpaka leo kazi hiyo inachechemea kwa sababu hakuna laini ya kutegemewa ya seli za kamba ya kukuzia hivyo virusi. Kwa kreyfishi, mwaka 2005 kundi la Sweden lilipata protini inaitwa astakini inayofanya tishu inayozaa damu igawanyike, na hapo angalia, ni tishu inayozaa, sio damu yenyewe. Kama unataka seli zinazogawanyika nenda kwa mama yake, usimlaumu mtoto. Na hemositi za samakigamba zinazojizidisha bila breki tunazozijua ni za ugonjwa, ile saratani ya damu ya kombe wa Amerika Kaskazini ambayo mwaka 2015 ilionekana kwamba inahama kutoka kombe mmoja kwenda mwingine majini, seli yenyewe ndiyo inasafiri.

Sasa nikuambie ninachoamini baada ya miaka kwa hii kazi. Hemositi ni mgeni wa siku chache, sio mpangaji. Uliza swali linaloweza kujibiwa akiwa bado hapo. Masaa 24 ya kwanza ni mali. Nunua hamira dukani, ichemshe ife, ipake rangi ya kongo nyekundu, ioshe mpaka maji yatoke safi, kisha weka kama chembe kumi kwa kila seli moja, ngoja nusu saa mpaka saa, ndani ya maji ya bahari sio maji ya bomba. Hesabu seli 200, ngapi zimemeza, na kila moja imemeza ngapi. Linganisha kome wa maji safi na wa karibu na mtaro. Hiyo ni kazi nzima, ya gharama ya hamira, na inaisha kabla mgeni yeyote hajaamka.

Kwa usafi, sugua gamba kwa brashi, pitisha spiriti ya asilimia 70 kabla ya sindano, osha seli mara mbili kwa midia yenye antibayotiki na amfoterisini (dawa ya kuua kuvu) kidogo, kidogo kweli, ikizidi inaua seli pia. Ila ujue damu ya kome haiko safi hata ndani ya kome, bakteria wanaishi humo na yeye yuko sawa. Hutapata chupa isiyo na kitu kabisa.

SWALI: Oyawore nyathina. Mimi ni mama wa samaki hapa Dunga. Kijana wangu anasoma chuo na likizo yote anashinda kwa matope ya ziwa akiokota konokono wadogo bapa, anasema anatafuta damu yao na kwamba nikuulize wewe. Hii ni kazi gani na haitamletea ugonjwa?

JIBU: Oyawore mama, asante kwa kuuliza, na swali la ugonjwa nitalianzia kwa sababu ndilo kubwa. Hao konokono bapa ndio wanabeba kichocho, bilharzia. Vijidudu vinatoka kwa konokono mchana jua likiwa kali, vinaogelea, vinaingia kwa ngozi bila kidonda. Kwa hivyo kijana avae gambuti na glavu ndefu za mpira, konokono ashikwe kwa koleo, na maji yao yasimwagwe karibu na mahali mnaoshea samaki. Kama ameshaingia ziwani miguu mitupu aende apimwe, dawa ipo na ni ya kumeza.

Kazi yenyewe ni nzuri mama. Konokono wengine wakiingiwa na hicho kijidudu seli zao za damu zinakizunguka zinakiua, wengine seli zao zinapita kando kama hazijaona, na hao ndio wanaambukiza watoto wetu. Tukijua kwa nini, tumeshika ugonjwa kabla haujafika kwa mtu. Hapo KEMRI Kisian kuna watu wamefanya kazi ya kichocho miaka mingi, mwambie awatafute.

Na akija na konokono mzima aliyeoshwa, akiwa na glavu, mwombe akuonyeshe vile wanatoa damu yake. Hachomwi. Anaguswa mguu na ncha ya pipeti, anajivuta ndani ya gamba kwa nguvu, anajivuta tena, na pale mlangoni kunatokea tone dogo. Wa baharini ni la maji au la bluu hafifu, lakini hao bapa wa kwetu hapa Dunga ni jekundu kama letu.